Tiketi Niliyompungia Mlinzi

Nakiri kwa aibu. Asubuhi ya safari yangu ya Unguja, kwenda kumwoza binti yangu, nilizuiwa mlangoni na Wanjiru, mlinzi wa jengo letu la Karama.

"Mzee, ukungu umefunga uwanja. Ndege haziruki."

"Uvumi!" nikamkaripia, nikimpungia tiketi usoni. "Mimi huamini kilichoandikwa."

Uwanjani nilikuta umati umelalia mizigo. Karani, Mtanzania, alisoma jina langu akatabasamu.

"Shikamoo, mzee. Mlinzi wenu aliishika kichwani namba ya tiketi uliyompungia, akapiga simu, akakuombea ndege ya kwanza kesho. Ndoa utaiwahi."

Uhodari ulioje! Nikataka kushukuru, lakini akanikabidhi karatasi.

"Ujumbe wake. Alisisitiza tuuchape."

Niliusoma: "Atakuja tu. Mpeni kiti akae."