Dakika Tano za Bwana Tackett

Bwana Orville Tackett alikuwa na siku yake: Jumanne, saa nne asubuhi. Aliingia akikung'uta theluji viatuni, akazipita kamba za mbwa na makopo ya paka bila kuyatazama, akaja moja kwa moja hadi nyuma kabisa ya duka, kwenye kaunta ya samaki, kwangu. Hapo alifungua koti na kutoa kwapani chupa ya achari iliyojaa maji. Aliiweka kwapani ili isigande njiani.

"Daktari, mgonjwa wako kaniagiza nikuletee maji yake."

"Meya hajambo?"

"Anakula na kulala. Kazi hafanyi. Meya ni meya."

Mimi si daktari. Naitwa Renata, na nimeuza samaki wa kufugwa katika duka hili la wanyama wa nyumbani miaka kumi na mmoja, hapa katika mji wa Erie, ambako ziwa hutumwagia theluji kuanzia Novemba mpaka tunasahau rangi ya nyasi. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kupima maji ya wateja bure. Mtu analeta maji ya tangi lake, nami namwambia kama samaki wake wataishi. Nayamimina kwenye mirija minne ya kioo, nadondosha dawa, natikisa, halafu tunangoja rangi. Mirija mitatu hujibu upesi. Ule wa nne, unaopima uchafu wa samaki, hutaka dakika tano kamili, na hauharakishwi.

Dakika tano hizo ndizo alizozifuata Bwana Tackett, na mimi nilichelewa kulijua hilo.

Meya alikuwa samaki wa dhahabu mwenye kitambi, na nilimuuza mimi mwenyewe. Aliyemnunua ni Marlys, mke wa Bwana Tackett. Marlys alipofariki, mumewe alikuja na chupa kwa mara ya kwanza, amenuna kama mtu aliyetozwa faini.

"Wenzangu wanaachiwa nyumba ya ziwani," alisema. "Mimi nimeachiwa samaki. Huyu anakula nini?"

Nilimfundisha. Alikuwa mwanafunzi mzuri, maana miaka thelathini na sita alifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi, akitazama mishale ya mashine za mvuke, na kila maelekezo aliyasoma mpaka nukta ya mwisho. Basi ikawa kila Jumanne. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na kaka huko Oregon, wa kupigiana simu Krismasi. Maisha yake nimeyapata vipande vipande vya dakika tano, na ilichukua mwaka na nusu kufika kwenye chumba cha hospitali ambamo Marlys alimwambia asisahau kumlisha Meya. Nilipotaka kumpa pole, rangi ilikuwa imeshatoka, akaichukua chupa yake akaenda.

Katika duka letu watu huitwa kwa majina ya wanyama wao. Mama Biskuti ndiye huyo, anamsukuma mbwa wake Biskuti katika kigari cha mtoto, na mbwa kavaa sweta zuri kuliko langu. Baba Simba ana paka asiyemzidi panya ukubwa. Siku moja nikamtania mzee nikamwita Baba Meya.

"Koma kabisa," akasema. "Samaki huyo alinikuta mtu mzima."

Lakini nilimwona akicheka mpaka mlangoni.

Januari ya mwaka huu, Jumanne ya pili, mrija wa nne ulikataa kubadilika. Maji ya tangi lenye samaki hayakosi uchafu, hata ufanye usafi vipi, na ya Meya yalizoea kutoa rangi ya chungwa. Safari hii yalibaki njano tupu, rangi ya maji yasiyo na uchafu wowote. Nikapima klorini. Ilikuwepo tele. Haya hayakuwa maji ya samaki, yalikuwa maji ya bomba, na samaki yeyote ambaye angewekwa humo asingemaliza siku.

"Umebadilisha maji, mzee?"

"Asubuhi hii hii," akajibu, akitazama kando, kwenye matangi ya samaki wangu.

Jumanne iliyofuata yakawa yale yale. Ya tatu, yale yale. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na maji. Meya alikuwa amekufa, na Bwana Tackett alikuwa akifungua bomba la jikoni kwake, anajaza chupa ya achari, anaiweka kwapani, anatembea kwenye theluji hadi kituo cha basi, ili aje asimame mbele yangu dakika tano.

Ningeweza kumwambia najua. Sikumwambia. Nataka kusema nilimstahi, na ni kweli nilimstahi, lakini pia niliogopa. Mume wangu aliniacha miaka sita iliyopita, mwanangu yuko Arizona na hujibu ujumbe wangu kwa kidole gumba kilichochorwa. Kama Bwana Tackett angekosa sababu ya kuja, nani angeniita daktari? Kwa hiyo nilipima maji ya bomba wiki saba, nikamwambia, "Safi kabisa, mzee. Msalimie Meya."

Mwisho wa Februari makao makuu wakatuma agizo. Kuanzia Machi, wafanyakazi wasipime tena maji ya mteja. Apewe pakiti ya karatasi za kupimia akajipimie nyumbani. Meneja wetu, kijana anayeitwa Bryce, alilibandika agizo ukutani kwa furaha ya mtu aliyelitunga yeye.

"Utaokoa saa nzima kwa siku, Renata."

"Niiokoe niipeleke wapi?" nikamuuliza. Akadhani natania.

Jumanne ya kwanza ya Machi mzee akaja. Bryce alikuwa rafu ya jirani akihesabu vyakula vya kasa, na masikio yake yalikuwa kwetu. Chupa ikatua juu ya kaunta. Sikuigusa.

"Mzee, utaratibu umebadilika. Siruhusiwi kupima tena."

Nikamsogezea pakiti. Aliigeuza, akavaa miwani, akaanza kuisoma tangu jina la kiwanda.

"Unachovya karatasi," nikaeleza, "unangoja, unalinganisha rangi na hizi hapa pembeni."

"Peke yangu?"

"Peke yako. Ni rahisi."

"Na rangi ikishatoka," akauliza, "namwambia nani?"

Nilichagua jibu rahisi kuliko yote, kwa sababu ya yule kijana na kasa wake, na kwa sababu mimi ni mwoga. Nikasema, "Kila la heri, mzee." Hivyo ndivyo nilivyomwambia mtu aliyekuja kwangu miaka mitatu. Alirudisha chupa kwapani, maji ya bomba yale yale, akayabeba kurudi nayo nyumbani kana kwamba bado yana mwenyewe.

Jumanne iliyofuata hakuja. Ilipofika saa nne nikajikuta nimetoa mirija minne na kuipanga. Nikairudisha. Nilichota samaki wa Mama Biskuti, maana sasa Biskuti alikuwa ametafutiwa rafiki, na nikamjibu mama wa watu vibaya hata akaniuliza kama naumwa. Jumanne ya pili hakuja tena. Niliumia, na nilijilaumu, na sikuwa na anwani yake. Namba za wateja zimo kwenye kompyuta, lakini kuzitafuta ni kufukuzwa kazi.

Jumanne ya tatu, saa nne na dakika mbili, simu ya kaunta ikalia.

"Sehemu ya samaki."

Nikasikia mtu akivuta pumzi. "Daktari? Ni Tackett. Hapa nyuma ya pakiti, chini kabisa, kwa maandishi madogo, wameandika kwamba mwenye swali kuhusu rangi apige simu dukani."

Miaka yote hiyo ya kuuza pakiti zile, sikuwahi kufika chini kabisa.

"Ni kweli," nikasema. "Ni utaratibu wa duka."

"Basi nina swali. Nimechovya karatasi." Upande wake wa simu bomba lilikuwa likidondosha maji. "Daktari, Meya alikufa."

"Najua, mzee."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Jumanne ya pili ya Januari."

"Na ulikuwa unapima tu."

"Nilikuwa napima tu."

Bryce alitokea mwisho wa rafu, akanyanyua mkono na kuigonga saa yake. Nikampa mgongo. Nikavuta kigoda kwa mguu, nikakaa, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale nikaegemeza kiwiko juu ya kaunta.

"Haya," nikamwambia. "Karatasi ina viraba vitano. Nisomee rangi, anza na cha juu. Na usiharakishe."