Zao Lisilopikwa

Sijui kama nina haki ya kuandika habari za kilimo. Shule niliiacha darasa la nane, na shamba lenyewe ni kibustani cha nyuma ya nyumba, kwenye mteremko ambao hata kuku hushuka kwa tahadhari. Lakini mteremko ni wangu, na kila masika udongo wake huhamia mtoni bila kuaga. Kila mwaka napanda sukuma wiki juu kidogo ya pale nilipopanda mwaka uliotangulia. Mume wangu husema tutaishia kupanda sebuleni.

Ndiyo maana nilikwenda kwenye semina ya mradi fulani, ambako kijana mpole mwenye viatu visivyo na tope alitufundisha habari za mukuna, mmea wa jamii ya maharagwe unaotambaa na kuufunika udongo. Alisema ukianza kutoa maua, mwenye shamba achague. Ama aukate na kuulaza papo hapo, mizizi ibaki chini ishike udongo. Ama aufukie kwa jembe. Ama auache uendelee. Kila njia ni nzuri, alisema, inategemea. Inategemea nini hakusema, au alisema nami nilikuwa nimekwenda kupokea soda. Nisimsingizie.

Nikaupanda. Ulitambaa vizuri mno, ukapanda hata kamba ya kuanikia nguo. Sasa, kwetu shamba la mama hupimwa kwa wekundu wake. Shamba safi ni lile ambalo ardhi inaonekana yote, halina jani ambalo halikualikwa. Bustani iliyofunikwa maana zake ni mbili tu: mwenyewe ni mvivu, au mwenyewe ni mgonjwa. Wenzangu wa kanisani ni watu wema, kwa hiyo waliamua mimi ni mgonjwa. Nami sikujua. Niliona tu kwamba siku hizi nasalimiwa kwa sauti ya chini.

Maua ya zambarau yalipotokea, nikaanza kusitasita: kukata au kufukia? Mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa vilima vya Manga. Mtu mwenye akili angekata. Mimi nilikwenda mjini Nyamira, ofisini kwa yule kijana wa semina, kumuuliza. Koti lake lilikuwa juu ya kiti, kwa hiyo sisemi hakuwa kazini. Nilikaa na lile koti hadi saa za chakula, kisha tukaachana kwa amani.

Niliporudi nilikuta wanawake wa egesangio, kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu, wakiosha majembe kwenye ndoo yangu. Zamu yangu haikuwa imefika. Walikuja kwa upendo. Bustani ilikuwa nyekundu tupu, safi kama sahani. Mukuna wote ulikuwa umeng'olewa na mizizi yake, umerundikwa kando ya choo ukingoja kukauka uchomwe.

"Pole na ugonjwa, dada," akasema mwenyekiti wao. "Tumekuondolea aibu."

Nikashukuru. Mtu akikulimia bure, unashukuru kwanza, ndipo unaangalia amelima nini. Nikateleka chai. Nilipokuwa nikimimina, radi ikanguruma, nikautazama ule mteremko ulio uchi, nikajua nikinyamaza hapa, bustani yangu iliyobaki itakwenda na maji usiku huo. Nikasema polepole kwamba yale hayakuwa magugu. Yalikuwa mazao.

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Mazao. Yanapikwa namna gani?"

Nikasema hayapikwi.

"Ni ya ng'ombe?"

Nikasema ng'ombe anaweza kula, ila sikumpandia yeye.

"Sasa anakula nani?"

"Udongo," nikasema.

Mmoja aliyekaa nyuma akauliza kama na udongo umiminiwe chai. Wakacheka hadi mwenyekiti akashika ubavu. Nami nikacheka, maana swali lilikuwa la haki.

Kicheko kilipoisha, mwenyekiti, ambaye hapendi kazi yake ibaki na dosari, akaniuliza nataka nini hasa. Nikamwambia lile lundo litandazwe tena juu ya shamba, lote. Akawageukia wenzake. "Huyu ni mgonjwa kweli," akasema, nami nimesimama papo hapo, kisha akainuka wa kwanza. Wakabeba mukuna kwa mikono na kuutandaza mteremko mzima, wakinung'unika kwamba wamefagia nyumba na sasa wanairudishia taka.

Mvua ilinyesha jioni ile. Maji yaliyoshuka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, si ya uji wa wimbi kama miaka mingine. Kama ni mukuna, au mvua yenyewe ilikuwa na huruma, siwezi kuapa. Bila mizizi, pengine nusu ya faida ilishapotea. Lakini udongo, sehemu kubwa, ulilala nyumbani.

Kulimiwa ni kulima. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya mwenyekiti, ambaye mteremko wake ni mkali kuliko wangu. Nilimuuliza kama tungeacha angalau majani tuliyong'oa yalale juu ya udongo. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama dawa nameza. Nikainama na wenzangu, nikapalilia, nikakusanya, nikatupa, mpaka ardhi ikabaki nyekundu toka juu hadi chini. Tulipomaliza tulisimama tukaitazama, na kwa haki lazima niseme: ilipendeza.