Vinundu vya Visigino

Kaka yangu alikuwa mwembamba. Kila suruali aliyonunua pale Mlowo, mama aliipunguza kiuno. Alilima kahawa, hakunywa pombe, na nyama aliila Krismasi na Pasaka. Nyuma ya visigino vyake, kwenye ile kano nene, alikuwa na vinundu vigumu. Tulisema vimeletwa na viatu vya mpira.

Mimi nilipata nafasi ya kusomea maabara. Mwaka wa pili mwalimu alituonyesha kwenye hadubini kipande cha mshipa wa moyo wa mtu aliyekufa ghafla. Niliona seli nyeupe za damu, hizi zinazotulinda na wadudu wa magonjwa, zimevimba, zimejaa matone ya mafuta kama povu la sabuni. Mwalimu akasema kila seli ina jeni zote za mwili, lakini huamsha zile tu inazozihitaji. Seli hizi zikimeza kolesteroli, yaani mafuta hayo ya damu, huamsha jeni za kuitoa nje. Ikizidi mno, zinashindwa. Zinavimba, zinaita nyingine, na ukuta wa mshipa unakuwa kama kidonda, hadi siku unapopasuka na damu kuganda.

"Wengine wamezaliwa na kasoro," aliongeza. "Ini lao haliondoi kolesteroli vizuri. Watazameni visigino. Vile vinundu vimejaa seli hizihizi."

Nilitoka darasani. Baba yetu naye alikuwa navyo, na alianguka shambani kabla hajatimiza miaka arobaini.

Likizo nikamwambia kaka. Alicheka.

"Moyo? Huo ni ugonjwa wa wakubwa wenye vitambi, mdogo wangu."

"Kapime tu, kaka. Nakuomba."

Tulienda Mbeya. Majibu yalinitisha. Daktari akampa vidonge vya kumeza maisha yake yote. Alimeza miezi michache, akaacha. Aliniambia kwa simu, kwa upole kabisa, "Siumwi popote. Namezea nini?" Nami nilikuwa na mtihani kesho yake, nikasema tutaongea nikirudi.

Alifia kwenye mashine ya kumenyea kahawa, asubuhi, debe likiwa begani.

Msibani minong'ono ilianza: amekufa kama baba yake, kuna mkono wa mtu. Nilimvuta mama chumbani nikamweleza yote, na Kiswahili kiliponigomea nikaingia Kinyiha. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo baba yenu hakurogwa?"

"Hakurogwa, mama."

"Na baba yenu mdogo?"

Baba alipofariki, ukoo ulimtuhumu mdogo wake. Walimchomea nyumba, akakimbilia Ileje na wanawe. Mama alikuwa miongoni mwa waliomnyooshea kidole.

Tulipomaliza kuzika, alinituma Itumba, huko Ileje. Nilimkuta baba mdogo uani, mzee sasa, anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti nikamweleza ugonjwa wa baba, wa kaka, na kwamba mama anaomba msamaha. Aliendelea kupukuchua hadi gunzi likabaki tupu mkononi.

"Mwambie shemeji nimesikia," alisema. "Na poleni kwa msiba."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Nilikaa pale uani hadi basi dogo la mwisho lilipopiga honi, ndipo nikainuka kwenda kumpa mama jibu hilo.