Dizeli, Petroli na Gunia la Mawe

Nakumbuka siku niliyoingia Kampala, mwanangu, kwa sababu mkoba wangu ulikuwa mzito kuliko nilipoondoka nyumbani, ingawa chakula chote kilikuwa kimekwisha. Nilitoka Kigoma na jiwe moja nililookota ufukweni. Lori lilipoharibika Kasulu nikaokota la pili. Kibondo nikaokota jingine, Biharamulo jingine, Bukoba mawili, na mpakani Mutukula moja jekundu kama tofali. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimemaliza kidato cha nne, na nilidhani Kampala nitakaa wiki mbili.

Nilikaa miaka saba. Niliendesha gari la kusambaza sabuni na biskuti kutoka maduka ya jumla ya Kikuubo, na kila nilikotumwa nilirudi na jiwe. Sikuwa na picha za safari zangu. Mawe hayo ndiyo yaliyokuwa picha zangu. Nikamwoa Zaina, fundi cherehani wa mtaa wa Kisugu, na mawe yakahamia chini ya kitanda chetu. Siku moja alijigonga kidole cha mguu, akaniambia nichague kati ya mawe na amani. Nikamwambia nimeyatupa. Nilikuwa nimeyaficha kwa jirani.

Mama mwenye nyumba mmoja kule Luzira alikuwa na karavani iliyoachwa na mpangaji wake. Ni nyumba ndogo ya magurudumu mawili, unaifunga nyuma ya gari na kuikokota. Ilikuwa na vitanda viwili, jiko na pazia la maua. Nilipoiona, miguu yangu ikaanza kuwasha. Tungezunguka minada ya Kagera hadi Kigoma, Zaina akishona sare za shule mlangoni, na jioni tungelala pale pale tulipofika. Nikainunua, kisha nikamweleza Zaina.

Zaina alizaliwa Kisugu na hakuwahi kuhama. Alifikiri siku tatu, kisha akasema, "Nitakwenda na wewe. Lakini kwanza nione gari yako ikipanda mlima wa Muyenga na vitu vyetu vyote ndani. Ikishindwa, wewe nenda, mimi nabaki na cherehani yangu."

Likabaki suala la gari la kuikokota, hilo hilo uliloniuliza wewe kwenye simu juzi. Kwa muuzaji mmoja wa magari kulikuwa na pikapu mbili. Moja ya petroli, rangi ya fedha, ikiwaka husikii kitu. Nyingine ya dizeli, ya kijani iliyochujuka, ikiwaka inakohoa kama mtu aliyeamka na mafua. Nilikwenda kwa Mzee Rajabu, baba mdogo wa Zaina, Mnubi mwenye gereji hapo Kisugu, kumwomba ushauri. Kusema kweli sikutaka ushauri, nilitaka anikubalie.

"Nyumba yako iko na uzito gani?" akauliza.

"Nyepesi, mzee. Naisukuma kwa mkono."

"Ikiwa tupu?"

"Ndiyo."

"Wewe unahama tupu?"

Nikacheka, nikadhani anatania. Nikaiazima ile ya petroli kwa majaribio, nikaipandisha kilimani na karavani tupu, nikashuka napiga mluzi.

Jumamosi asubuhi tukapakia. Cherehani, majora ya vitambaa, magodoro, sufuria, kila kitu. Zaina alipokwenda kuaga majirani, nikachukua gunia langu la mawe kwa yule jirani, nikalisukuma chini ya kitanda cha nyuma kabisa. Nikalifunika blanketi.

Tulianza vizuri. Katikati ya mlima boda moja ikasimama mbele yetu kumshusha abiria mwenye kuku wawili, nikalazimika kusimama. Nilipotaka kuondoka, injini ikapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia, magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, na harufu ya klachi ikajaa ndani. Kila nikiachia breki, tulirudi nyuma.

"Ssebo, bwana!" akapaza sauti mwenye boda. "Nyumba inakataa kuhama!"

"Mwulize kama inapangishwa!" akajibu mama aliyekuwa akiuza mihogo kando ya barabara.

Zaina akashuka kutafuta kitu cha kuweka nyuma ya gurudumu. Lami ilikuwa safi, hapakuwa na kitu. Akaingia ndani ya karavani, akakaa humo kwa muda niliouona mrefu sana. Alipotoka, alikuwa amebeba jiwe langu kubwa kuliko yote, lile la Kigoma.

Akaliweka nyuma ya gurudumu. Akaja dirishani kwangu.

"Haya ndiyo uliyatupa?"

Akashuka mlima kwa miguu kurudi Kisugu, bila kugeuka.

Mzee Rajabu akaja na ile dizeli ya kijani, aliyokuwa ameiomba kwa muuzaji tangu asubuhi, maana alijua ile ya petroli itashindwa. Tukaifunga karavani. Mzee akatia gia ya kwanza, gari ikanguruma chini chini, ikapanda polepole mpaka juu bila kulalamika. Nikaanza kufurahi. Nikasema, "Kumbe kosa lilikuwa la gari!"

Akazima injini.

"Wewe, mtoto ya Kigoma, usicheke. Ile ya petroli haina kosa. Mzigo mwepesi, barabara ya tambarare, hiyo nzuri: nyepesi, rahisi kwa fundi. Lakini mzigo mzito inataka uikanyage mpaka ilie, na inakunywa mafuta kama ng'ombe. Hii dizeli inavuta ikiwa imetulia. Lakini ukiipa mafuta machafu, pampu ikafa, utalia wewe. Mimi nilikuuliza mzigo, si gari. Na mzigo umeuficha nyuma kabisa, karavani inanyanyua mkia wa gari, magurudumu yatashika nini?" Akapangusa mikono. "Babu yangu alitoka Sudan kwa miguu na sufuria moja. Wewe unatoka Kisugu na gunia ya mawe. Na umemdanganya mtoto wetu."

Nililirudisha jiwe la Kigoma guniani, nikarudi Kisugu nikalimwaga gunia uani, mbele ya Zaina. Nikamwambia kila jiwe limetoka wapi. Nilipofika kwenye lile jekundu la Mutukula akanikatiza.

"Hayo yote ungeniambia tu. Ningekusikiliza."

Mafundi wa gereji wakayagawana kwa furaha, mpaka leo naamini yanazuia magurudumu pale. Zaina akaokota la Kigoma, akalifuta kwa kanga. "Hili lilitushika. Hili liende. Lakini litakaa mbele, nilione."

Kwa hiyo, mwanangu, usiniulize dizeli au petroli kabla hujapakia. Weka kila kitu ndani, na anayesafiri nawe akione. Kipeleke kwenye mizani. Kizito kikae juu ya magurudumu au mbele kidogo, kisikae mkiani. Tafuta mlima, simama katikati, uondoke tena. Ukiwa na mzigo mzito na milima mingi, chukua dizeli na uipe mafuta safi. Ukiwa mwepesi na safari fupi, petroli itakutosha, usione haya. Na usimfiche mwenzako unachobeba, kwa sababu atakayeshuka kutafuta cha kuzuia gurudumu ni yeye.

Tuliondoka Kampala na ile dizeli asubuhi ya mvua nyepesi, na hatukurudi tena kuishi. Mzee Rajabu alizunguka gari mara mbili, akagonga kila gurudumu kwa kiatu, akatusomea dua. Zaina alikaa mbele, jiwe miguuni. Tulipoufikia mlima wa kwanza wa njia ya Masaka, nilisimama katikati makusudi. Akanitazama. Nikaondoka.

Akacheka mpaka tulipofika juu. Mungu akupe mlima kama ule, mwanangu, na mtu wa kucheka kando yako ukiufikia.