Kabati la Marehemu

Fundi wa vile vitasa vinavyoandika kila mlango unapofunguliwa hupangusa vidole kwenye suruali kabla ya kugusa chochote. Mzee aliyefiwa na mkewe alimsogelea mbele ya kabati lenye kitasa hicho.

"Futa rekodi ya kabati, fundi," alinong'ona.

"Iko kwenye blokcheni, baba, daftari la mtandaoni," fundi akajibu. "Haifutiki."

"Soma," mwana wa mzee alisema, jicho kwa dada wa kazi. "Anayepekua kabati la mama afungashe virago leo."

Fundi alisoma polepole. "Kila siku dada hutoka getini saa mbili. Kabati hufunguliwa saa tatu. Dada hurudi saa nne." Akapangusa vidole tena, asimtazame mzee.

"Ni mimi," mzee akasema. "Huwa nanusa nguo zake."

Fundi akalifunga kabati kwa mikono miwili, taratibu, kama mlango wa chumba alimolala mtu.