Ndege wa Riyadh Hawafukuzwi

Harufu ya tope lenye matete ndiyo inayonirudisha. Si harufu nzuri, nisikudanganye. Ni maji yaliyolala, mavi ya ndege na majani yanayooza juani. Niliinusa kwanza nikiwa mtoto kule Tharaka, pale shamba letu la mtama liliposhuka hadi mtoni. Nikainusa tena nikiwa na mvi, kusini mwa Riyadh, nchi niliyoambiwa haina kitu ila mchanga. Harufu ya pili ndiyo iliyonieleza ya kwanza.

Mimi sikusoma. Nilifika darasa la pili, na hilo sikulimaliza. Nyumba ninayokaa na watoto niliowasomesha vimetoka kwenye mikono hii, na simwonei mtu haya. Lakini sababu ya kuacha shule sikuijua sawasawa mpaka nilipokuwa dereva wa Mwarabu.

Kwetu, mtama ukianza kukaza punje, kila boma hutoa mtoto wa kuamia ndege. Unajengewa dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, na kamba zenye mikebe zinafungwa huku na huku. Unakaa hapo tangu umande mpaka giza. Kwelea wanakuja kama moshi, wakitua umekosa uji mwaka mzima. Unapiga debe na kuita, "Hooooo-wa!" Sauti unaitoa tumboni, ukiitoa kooni hufiki adhuhuri. Mama ndiye aliyenifundisha. "Ndege haogopi mtoto," aliniambia, "anaogopa kelele isiyo na shaka."

Mwaka niliokuwa darasa la pili, mwalimu alikuja shambani akamwomba mama anirudishe darasani. Mama alinitazama, akasema, "Nenda, baba. Dungu nitapanda mimi."

Basi nikakaa darasani nikiisikia sauti yake ikivuka bonde, nikajivuna kwamba ni mama yangu yule. Siku zilivyokwenda ikawa inakwaruza, kisha ikapungua, kisha asubuhi moja haikuja kabisa. Nilitoka mbio. Nilimkuta juu ya dungu anapiga debe, mdomo wazi, hautoki mlio. Aliponiona alikunja uso, akanyoosha mkono kuelekea njia niliyotoka, akautikisa, akautikisa tena kwa nguvu.

Nikasoma hasira. Nikaona ananiambia: toka hapa, wewe uliyeniacha na ndege. Sikutoka. Nilipanda, nikamnyang'anya debe, nikaita mpaka kwelea wakahamia kwa jirani. Mama alishuka polepole, akakaa kivulini, akajifunika uso kwa leso. Nikadhani amepumzika.

Sauti yake ilirudi mavuno yameisha. Aliniuliza mara moja tu, "Shule hutaki?" Nikajibu kifua mbele, "Sitaki. Kazi yangu naijua." Akaendelea kupepeta mtama. Nikadhani tumeelewana.

Sasa njoo Riyadh. Ilikuwa miaka ile Wakenya wanaondoka kwa makundi, kila mtaa una ajenti wake. Mimi nilikwenda nikiwa mtu wa kuitwa mzee tayari, kwa sababu mtoto wangu wa mwisho alikuwa bado shuleni na mimi ndiye niliyeapa kwamba atamaliza. Bosi wangu alikuwa na wazimu wa ndege. Miezi ile baridi inapoisha na joto halijawa adhabu, ndege wanapita kurudi kaskazini, na kila Ijumaa alfajiri nilimpeleka yeye na mwanawe Fahadi kwenye hifadhi ya bondeni, penye ziwa na matete, kuwatazama kwa darubini. Vijana niliolala nao chumba kimoja mtaa wa Al-Murabba walinicheka. "Mzee, sisi tunabeba saruji, wewe unabeba ndege!" Hawakujua uchovu wa kukaa kimya. Kule hakuna kuongea. Unashika chupa ya gahwa, kahawa yao, unasimama, macho yanafunga yenyewe.

Ijumaa moja nilikuwa nimesimama hivyo, nusu nimelala, kundi la ndege wadogo likashuka juu ya matete. Kama moshi. Kabla akili haijafika, tumbo lilifika. "Hooooo-wa!" Na makofi juu.

Ziwa zima liliinuka. Bata, korongo, wale wakubwa bosi aliowangoja tangu alfajiri, wote angani. Fahadi alicheka mpaka akakaa chini. Bosi alinigeukia, uso umekunjwa, akakusanya ncha za vidole vyake vitano, akanitikisia mkono. Nikasoma: utanitambua. Niliweka chupa chini, nikaenda kukaa garini. Nilikuwa mgeni bado, na ikama yangu, kibali changu cha kukaa, ilikuwa kwake. Kichwani nilimwona mwanangu akirudishwa nyumbani kutoka shule na sanduku lake kwa sababu ya kelele zangu.

Bosi alikuja akihema. "Ya Mugambi! Nimekuambia subiri, mbona umeondoka?"

"Bosi, ulinitikisia mkono."

Akautazama mkono wake. "Huu? Huu ni subiri. Polepole. Ndege wanazunguka, watarudi. Halas, yamekwisha. Yalla, lete gahwa."

Kweli walirudi. Mimi sikuwaona. Nilikuwa nikiutazama mkono mwingine, juu ya mtama.

Sikumpigia mama simu siku hiyo. Jambo kama hilo huliulizi ukiwa umechoka. Mwaka uliofuata familia ilihamia Jeddah, mtaa wa Al-Safa, na asubuhi moja nilikuwa ufukweni, heroe wamesimama kwenye maji mafupi, bosi na Fahadi wako mbele na darubini zao. Nikapiga.

"Mama, mwaka ule uliokaukiwa na sauti, mkono wako ulikuwa unasema nini?"

Nilisikia jogoo nyuma yake, kisha pumzi.

"Shule, baba. Nilikuwa nakurudisha shule."

"Na sauti iliporudi?"

"Si nilikuuliza? Ukasema kazi yako unaijua." Akacheka kidogo, kicheko cha meno machache. "Na uliijua kweli. Ndege walikuogopa."

Nikamuaga, nikaiweka simu mfukoni. Mbele kule Fahadi aligeuka, akanipungia mkono. Jua lilikuwa limepanda na magoti yananiuma. Lakini mkono ule sikuukisia. Nilitembea mpaka pale aliposimama, nikamwuliza anasema nini.