Wigi la Tani na Gundi ya Spika

Jina la Tani alipewa na wateja wake, naye hakulikataa. Wakati huo alikuwa na kilo mia na thelathini na moja, na kiti alichokalia pale saluni kwake mumewe alikuwa amekichomelea upya mara tatu. Alipofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo na kilo arobaini na tatu zikaenda zake bila kuaga, mtaa mzima ulijadili: sasa aitwe Nusu Tani au Robo Tatu? Aliyekata shauri ni Kidole.

"Jina halipungui," alisema. "Ukimwaga maji ya mtungi, mtungi unabaki mtungi."

Kidole alikuwa msusi aliyesimama kando ya Tani kwa miaka kumi na moja. Vidole vyake vilikuwa vyepesi mno. Mteja akianza kusimulia harusi, anamaliza kusukwa kabla bibi harusi hajaingia ukumbini. Ulimi wake ulikuwa mwepesi zaidi ya vidole. Katika watu wote waliomjua Tani, yeye peke yake ndiye aliyeupinga upasuaji waziwazi.

"Dada, mtu haendi kukatwa tumbo akarudi na vyote. Lazima kipungue kitu ambacho hukukipangia."

Na kweli kilipungua. Mwezi wa nne baada ya upasuaji, nywele za Tani zilianza kuhama. Kwanza zilionekana kwenye chanuo, kisha kwenye mto, kisha zikaziba tundu la maji bafuni. Daktari hakushtuka. Alisema mwili ukipungua kwa kasi ile, nywele nazo hupumzika; ale vyakula vya kujenga mwili, asiruke vidonge vyake, avumilie, zitarudi. Ushauri mzuri kabisa kwa mtu anayeuza matofali. Lakini kwa msusi, kichwa ndicho kibao cha duka. Tena pale saluni, kwenye rafu iliyotazama mlango, zilijipanga chupa thelathini za Mafuta ya Tani, alizochanganya kwa mkono wake, na kila chupa ilikuwa na picha yake, nywele zimemwagika mabegani, na maneno haya: Hukuza Nywele Shina Mpaka Ncha.

Basi akavaa wigi. Na hapo ndipo balaa lilipoingia, kwa sababu kinyozi hajinyoi. Kwa miaka yote kumi na moja kichwa cha Tani kilikuwa mali ya Kidole. Kila Jumatatu ya pili, saluni ikiwa imefungwa, Tani alikaa kitini, Kidole akasimama nyuma yake, na kabla mstari wa tatu haujakamilika Tani alikuwa anakoroma kama mashine ya kusaga. Wakati mwingine mkoromo ulikatika ghafla, pumzi ikakwama, kimya. Hapo Kidole alimchoma begani kwa mkia wa chanuo, pumzi ikarudi, kazi ikaendelea. Yeye ndiye aliyemwambia kwanza aende kwa daktari wa usingizi, na kabla Tani hajapewa mashine ya kupumulia, mashine yake ilikuwa lile chanuo.

Sasa Jumatatu zikawa zinapita bure. Mara Tani kichwa kinamuuma, mara ana mgeni, mara amechoka kusukwa. Kidole alilitazama lile wigi lilivyolala vizuri, akajumlisha moja na moja: kuna mtu anamtengeneza. Na mtu huyo atatoka wapi, kama si saluni ya ng'ambo ya barabara? Kati ya wasusi, ndoa zimevunjika kwa makosa madogo kuliko hilo.

Kidole hakuuliza. Alinuna, akaanza kumwita Tani "bosi". Kisha siku moja Tani, akiwa ameshika kichwa cha mteja kwenye beseni, alimwona mwenye saluni ya ng'ambo akimwonyesha Kidole kiti kitupu karibu na dirisha la kwake. Maji yakamwingia mteja sikioni. Tani alijua kwamba neno moja lingetosha kumzuia Kidole asiondoke. Lakini neno hilo lilikuwa chini ya wigi, na kulifunua ni kukubali kwamba Kidole alisema kweli, kisha kusubiri kicheko cha mwaka mzima. Akamfuta mteja sikio, akaendelea kuosha.

Mambo yangebaki hivyo kama si ile karatasi ya hospitali.

Kwa miaka mitatu Tani alikuwa analala na barakoa usoni, imeunganishwa na bomba linalompulizia hewa usiku kucha. Mumewe, fundi redio, aliliita bomba hilo mkonga, na kila alipotaka kumbusu mkewe usiku alilazimika kuzunguka kwa hesabu, kama anayeegesha lori. Sasa daktari alitaka Tani alale hospitali usiku mmoja, apimwe upya. Pumzi ikionekana haikatiki tena, mashine irudishwe. Nafasi hiyo aliisubiri miezi minne. Ilikuwa Alhamisi, saa moja jioni.

Jumatano usiku Fundi alimsomea mkewe maagizo mezani.

"Usilale mchana."

"Sawa."

"Usinywe kahawa kuanzia saa sita."

"Hilo la mateso, lakini sawa."

"Kula chakula chako cha kawaida."

"Vijiko sita, tumbo walilonikata halibebi zaidi. Waniwekee walinzi."

"Nguo za kulalia vipande viwili, zenye vifungo mbele. Mto wako ukipenda. Angalau ukucha mmoja usiwe na rangi, wa kubanwa kipimo cha hewa." Fundi alisogeza karatasi karibu na taa. "Nywele zioshwe, zikauke, zisiwe na mafuta, wala wigi, wala nywele za bandia. Nyaya hubandikwa kwenye ngozi ya kichwa."

Tani alianza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Si linatoka?" Fundi aliuliza. Yeye siri ya wigi aliijua. Nani angemficha mtu anayezibua tundu la bafuni?

"Linatoka."

"Basi."

"Linatoka likitaka."

Ikabidi aeleze. Jumanne, alipokuwa ameinama kumwosha nywele mwalimu mkuu mmoja mstaafu, wigi lilimteleza hadi kwenye nyusi. Mwalimu alikuwa na sabuni machoni, Mungu mkubwa, hakuona. Lakini Tani aliapa halitateleza tena. Alipofika nyumbani alipitia karakana ya mumewe uani, akachukua kopo la gundi.

"Kopo lipi?"

"La njano."

Fundi aliiweka karatasi chini taratibu. "Hiyo ni gundi ya spika."

"Sasa najua."

"Spika za mabasi, mke wangu. Mabasi ya barabara ya vumbi. Kuna basi limepinduka mara mbili, spika haijatoka."

Na huyu ndiye Tani ambaye mwaka uliotangulia alimfukuza mteja aliyekuja na gundi isiyo na jina, akamhutubia mpaka mlangoni.

Asubuhi ya Alhamisi Fundi alijifunga taa yake ya kazini kichwani, akamkalisha mkewe chini ya dirisha. Alijaribu maji ya moto, akajaribu sabuni, akajaribu kubembeleza pembeni kwa kibanio chake kidogo cha kushikia nyaya. Kufikia saa sita alikuwa amefungua upana wa vidole viwili nyuma ya sikio, na Tani alikuwa amemtaja mama mkwe wake kwa mambo ambayo marehemu hakuyafanya.

"Mimi nimefika mwisho," Fundi alisema, akizima taa. "Hapa panataka mwenye mkono wa nywele. Unamjua."

"Simwendei."

"Basi piga simu hospitali, uwaambie unakuja na spika. Miezi minne mingine na mkonga."

Tani alikaa akifikiri, macho mazito. Kahawa haruhusiwi, kulala haruhusiwi, na wigi halitoki. Saa nane alijitanda mtandio, akaenda saluni.

Kidole alikuwa peke yake, ameshamaliza mteja wa mchana. Mkoba wake ulikuwa wazi juu ya meza, na machanuo yake yote, hata lile la mkia lililopinda ncha, yalikuwa yamefungwa ndani kwa mpira. Tani aliyaona. Alifunga mlango, akavuta pazia, akaketi kwenye kiti cha Kidole.

"Bosi, si leo una mapumziko?"

"Nifungue kichwa."

"Mwambie aliyekufunga."

"Nimejifunga mwenyewe."

"Wewe?" Kidole alicheka kwa pua. "Kinyozi hajinyoi."

"Basi njoo uone alivyojinyoa."

Aliutoa mtandio. Kidole alikuja polepole, kama mtu anayeitwa kutazama nyoka, akagusa ukingo wa wigi kwa ukucha.

"Hii gundi gani?"

"Ya spika."

"Ya redio?"

"Ya basi."

Kidole alijitahidi asicheke. Mabega ndiyo yaliyomsaliti. Alicheka mpaka akaketi kwenye beseni la kuoshea, akacheka mpaka mlinzi wa duka la jirani akagonga dirisha kuuliza kama kuna tatizo. Tani alimsubiri, mikono mapajani, akiutazama ukuta.

"Umemaliza? Natakiwa hospitali saa moja. Nywele safi, bila mafuta. Nisipofika napoteza nafasi. Karatasi ya maagizo hii hapa."

Kidole alijifuta macho, akasimama, na mara moja akawa msusi. "Maji hayafai kitu hapa. Gundi ya mpira hulainishwa na mafuta. Lete mafuta."

"Yapi?"

"Ya kwako. Yapo thelathini pale, yana kazi gani nyingine?"

Chupa ya kwanza haikufua dafu. Katika ya pili ukingo ulianza kulegea, na Kidole akaufuata kwa ncha ya chanuo, nukta kwa nukta, akipuliza palipouma. Tani alipoanza kusinzia, alimfinya. "Umeambiwa usilale mchana. Nimesoma karatasi yako." Kwenye chupa ya nne wigi liliachia lote kwa mpigo, likabaki mkononi mwa Kidole kama kuku aliyenyonyolewa upande mmoja.

Hapo ndipo alipokiona kichwa. Juu ya masikio palikuwa peupe kabisa, upana wa kiganja. Sehemu nyingine nywele zilisimama mojamoja, kama nyasi za uwanja wa mpira mbele ya goli.

Tani alifumba macho akisubiri: nilikwambia.

"Tangu lini?" Kidole aliuliza.

"Mwezi wa nne baada ya upasuaji. Daktari anasema zitarudi."

"Kwa hiyo miezi mitano."

"Mitano."

"Na mimi miezi mitano nahesabu mara ngapi umevuka barabara."

"Ng'ambo naendaga kununua mkate, mdogo wangu. Mkate tu."

Kidole aliliweka wigi juu ya dro.

"Machanuo yangu yamo mkobani," alisema. "Kesho asubuhi nilikuwa navuka mimi."

"Nimeyaona."

"Ungeniambia."

"Ungecheka."

"Nimecheka gundi. Hiki sikicheki." Alimwinamisha kwenye beseni, akafungua maji. "Nitakicheka zikisharudi. Siku hiyo ujiandae."

Alimwosha mara nne, shampuu mpaka ngozi ikatoa mlio kama sahani. Alimkausha, akamfuta rangi ukucha mmoja, kisha akaamua kumfuta zote kwa sababu mmoja peke yake ulionekana kama umefiwa. Alipokuwa akimfunga mtandio safi, alizitazama zile chupa nne tupu.

"Tumeyauza miaka sita," alisema. "Leo angalau tumejua yanafanya nini."

Saa moja kasoro dakika tano Tani alikuwa hospitali na mto wake kwapani, Fundi nyuma yake na begi. Mtaalamu wa usingizi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimvua mtandio, akapapasa, akafurahi waziwazi.

"Kichwa kizuri hiki. Jana nilitumia saa nzima kutafuta ngozi."

"Ungekuja kukisifu mapema," Tani alimjibu, "ungeniokoa na mengi."

Nyaya zilibandikwa kichwani, kifuani na miguuni. Fundi aliuliza ile nyekundu inaelekea wapi, na ya kijani kwa nini imepita juu, akataka kujua kama wamekaza vizuri pale kwenye kisanduku. Akaombwa kwa heshima aende nyumbani. Tani alilala chali, akafikiri kwamba kwa nyaya zote hizo hatapata hata lepe la usingizi, na hilo ndilo jambo la mwisho alilolikumbuka.

Majibu yalitoka baada ya wiki moja. Zamani pumzi ilikatika mara thelathini na nane kwa saa. Sasa ilikatika mara tatu, na daktari akasema mara tatu haimnyimi mtu usingizi. Mashine ikarudishwa. Usiku huo Fundi alimbusu mkewe bila kuegesha.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa Jumatatu ya pili. Saluni ilikuwa imefungwa. Machanuo ya Kidole yalikuwa yamesharudi kwenye dro, na yeye alikuwa ameketi na kalamu ya wino mzito, akifuta kwenye chupa ishirini na sita, moja baada ya nyingine, Hukuza Nywele, na kuandika juu yake Hulainisha. Tani aliingia, akavua mtandio, akajitazama kiooni.

"Hakuna cha kusuka," alisema.

"Nimekuuliza? Jumatatu ni Jumatatu. Kaa."

Tani akakaa. Kidole alichukua mkasi, akaanza kuzipunguza zilizobaki ziwe sawa, zisubiri wenzao kwa adabu. Alimsimulia habari za mwalimu mkuu mstaafu, na hakufika mbali. Kichwa cha Tani kilikuwa kimeshalala upande. Kidole akanyamaza na kusikiliza. Hakuna mkoromo. Kwa mazoea ya miaka kumi na moja aliokota lile chanuo lililopinda ncha, akaliweka tayari juu ya bega la Tani, akasubiri pumzi ikwame.

Pumzi ilienda, ikarudi. Ikaenda, ikarudi.

Alisubiri mpaka mkono ukachoka. Kisha akalirudisha chanuo kwenye dro, akaendelea na mkasi taratibu ili asimwamshe.